Reflekta kwa sisi mabonge: namna ya kupata inayofunga na yenye kiwango

Mwaka jana tulikuwa tunamwaga zege usiku, slebu ya ghorofa ya pili, mimi nimesimama karibu na geti naongoza magari ya zege yanavyoingia kwa rivasi. Nimevaa reflekta, njano kabisa, imetoka kwenye nailoni siku ileile. Gari la tatu likanipita karibu hadi kioo cha pembeni kikanigusa bega. Dereva akashuka anatetemeka kuliko mimi, akasema "bosi mimi nimeona kamwanga kadogo tu nikajua ni ile tepu mmefunga kwenye nguzo". Nikajiangalia. Reflekta ilikuwa haijafungwa kwa mbele, na isingefungika hata ningejibana tumbo mpaka asubuhi, kwahiyo ilikuwa imerudi nyuma inaning'inia mabegani kama khanga, na yule dereva alikuwa ananiona kwa mbele na ubavuni, yaani anaona tisheti nyeusi na kitambi.

Mi ni bonge, nasema mwenyewe msinionee aibu. Kilo 128, urefu sentimita 172, kifua 124, tumbo 136. Hizo namba zishike nitazirudia. Na kazi yangu ni seifti, mimi ndo wa kupiga kelele watu wavae helmeti na buti na reflekta, halafu mwenyewe nimevaa pambo. Baada ya usiku ule nikaanza kufuatilia hii kitu, nimenunua mbovu, nimerudisha, nimepigwa, na siku hizi nanunulia watu zaidi ya themanini, kwahiyo ninayoandika hapa yameshanigharimu.

Kabla hujaenda dukani elewa reflekta inafanyaje kazi, maana ukielewa hili hata muuzaji hawezi kukuyumbisha. Ina vitu viwili. Kuna kitambaa, ile njano ya kuwaka au chungwa ya kuwaka, ambacho kinachukua miale ya jua isiyoonekana kwa macho na kuigeuza kuwa mwanga unaoonekana, ndo maana alfajiri, jioni na siku ya mawingu kinaonekana kama kina taa ndani. Usiku hicho kitambaa hakina msaada, taa za gari hazina hiyo miale ya kutosha. Usiku kazi yote ni ya ile mistari ya rangi ya fedha. Ndani yake kuna vishanga vya kioo vidogo mno, au kwa aina nyingine vipembe vidogo vya plastiki, vinavyorudisha mwanga kulekule ulikotoka. Taa ikitoka kwenye gari inarudi kwa dereva. Hairudi kwa mtu aliyesimama pembeni, ndo maana wewe ukiiangalia reflekta ya mwenzio gizani bila tochi unaona ni kijivu tu.

Sasa hapo ndo saizi inapoingia. Viwango vinataka mstari ukuzunguke mwili mzima, ili ukigeuka upande wowote kuna mwanga unarudi. Kiwango cha Ulaya kinaruhusu mstari ukatike pale kwenye zipu au kishikizo kwa sentimita 5 tu, na ukijumlisha mapengo yote ya mstari mmoja yasizidi 10. Mimi usiku ule mbele nilikuwa na pengo la zaidi ya sentimita 20. Kwa lugha nyingine reflekta ilikuwa na kiwango lakini mimi nilikuwa sina. Watu wengi hawalijui hili, wanaona bora umevaa. Hapana, isiyofunga ni nusu reflekta, na upande unaokosekana ndo huohuo ambao gari linatokea.

Kiwango chenyewe

Huku kwetu utakutana na familia mbili. Ya kwanza EN ISO 20471, toleo la 2013, ilichukua nafasi ya EN 471 ya zamani. Ya pili ni ya Marekani, ANSI/ISEA 107. Ukikuta reflekta haina hata moja kati ya hizo kwenye lebo ya ndani, hiyo ni nguo ya njano, nunua kwa ajili ya maandamano.

EN ISO 20471 ina klasi tatu. Klasi 1 inataka kitambaa cha kuwaka mita za mraba 0.14 na mistari 0.10. Klasi 2 inataka 0.50 na 0.13. Klasi 3 inataka 0.80 na 0.20. Mstari usiwe mwembamba chini ya milimita 50. Vizibao vingi vya maana ni klasi 2, na kwa saiti ya kawaida, ghala, yadi ya malori, barabara za mwendo mdogo, hiyo inatosha. Barabara ambazo magari yanapita zaidi ya kilomita 60 kwa saa unahitaji klasi 3, na hapa watu wanapigwa sana: kizibao kisicho na mikono hakiwezi kuwa klasi 3 peke yake, hata kiwe na ukubwa wa hema. Lazima kiwe na mikono yenye mistari au uvae na suruali yenye mistari ambayo kwa pamoja vimepimwa vinafika klasi 3. Kwahiyo muuzaji akikwambia "hii tripo eksi elo ina kitambaa kingi ni klasi 3 hii" mwache aongee. Klasi haipandi kwa sababu umenunua saizi kubwa, eneo la kitambaa linapimwa kwenye saizi ndogo kuliko zote za modeli hiyo.

Za Marekani zinaandikwa Type O, Type R au Type P, halafu klasi. O ni kwa maeneo yasiyo na barabara ya umma, kama ghalani, R ni barabarani, P ni kwa polisi, zimamoto na watu wa dharura. Kama kazi yako inagusa barabara unatafuta Type R Class 2 au 3. Kitambaa kwa Class 2 ni inchi za mraba 775, ambayo ukipiga hesabu ni ileile nusu mita ya mraba.

Kwenye lebo ya Ulaya kuna kamchoro ka kizibao na namba pembeni, hiyo namba ndo klasi. Kuna alama ya CE, yaani mtengenezaji anadai bidhaa inafuata sheria za Ulaya, lakini CE peke yake isikubabaishe, nimeziona zimechapwa hadi kwenye mdoli. Kuna jina la mtengenezaji, modeli, idadi ya kufua, na kuna kamchoro ka mtu mwenye mishale kifuani na urefuni. Hako kamtu ndo rafiki yetu sisi mabonge, naeleza sasa hivi.

Ukikuta EN 1150, kiwango cha zamani, ujue hiyo ni ya matumizi yasiyo ya kazi, ya mtembea kwa miguu na baiskeli. Siyo mbaya lakini siyo ya saiti.

Kujipima, na uongo wa freesize

Chukua futi ya fundi cherehani, ile laini, siyo ile ya chuma ya fundi ujenzi (nimeshaona mtu anajipima na ya chuma, inakwaruza halafu inadanganya). Vaa nguo unazovaa kazini, tisheti au ovaroli, weka na simu mfukoni kama huwa unaweka. Pima sehemu nne: kifua pale kilipotokeza zaidi, tumbo pale lilipotokeza zaidi, nyonga, halafu urefu kutoka begani hadi unapotaka reflekta iishie. Usibane tumbo. Nasema tena usibane tumbo, humfurahishi mtu hapo, na bora upime ukiwa umeshakula kwasababu saa nane mchana baada ya ugali ndo utakuwa umeivaa.

Namba kubwa kati ya kifua, tumbo na nyonga ndo saizi yako. Kwa mimi ni 136 ya tumbo. Kosa nililokuwa nafanya miaka yote ni kununua kwa kifua, maana chati zote zinaanza na kifua, nachukua ya 124 nafunga kishikizo cha juu kwa raha zangu halafu cha chini kinanicheka.

Sasa angalia kuna mtego. Lebo ya Ulaya yenye kamtu ka mishale inataja vipimo vya MWILI, siyo vya nguo. Ikiandikwa kifua 132-140 maana yake inamfaa mtu mwenye mwili wa 132 hadi 140, nguo yenyewe ni pana zaidi. Lakini muuzaji wa mtandaoni au saplaya akikutumia chati mara nyingi ni vipimo vya NGUO ikiwa imelazwa. Ukichanganya hizi mbili umekwisha. Kwahiyo uliza, ni ya mwili au ya nguo? Kama ni ya nguo, ongeza kwenye namba yako kubwa sentimita 10 hadi 15, na kama unavaa juu ya koti la mvua ongeza kama 20. Mimi kwa hiyo natafuta nguo ya kati ya 146 na 151.

Halafu hizi X. Usiamini X hata siku moja. Nilienda Kariakoo, kijana akanipa, "chukua hii brother, freesize, inavaa kila mtu". Nikatoa futi mfukoni, nikaifunga zipu, nikailaza kwenye kaunta, kwapa hadi kwapa 58. Mara mbili ni 116. Nikamwambia inavaa kila mtu isipokuwa mimi. Akacheka akanitolea 4XL ya kampuni nyingine, nikalaza, 61. Yaani 122, hiyo ndo 4XL yao! Siku hiyohiyo nikakuta ya mtumba imeandikwa XXL, nikalaza, 71. Kwahiyo dukani usiulize una XXXL, uliza una yenye sentimita ngapi, na kama hajui funga zipu, laza, pima, zidisha mara mbili. Dakika moja tu.

Zile za kuvaa kichwani kama bibu, zenye lastiki ubavuni, zikimbie. Kwa mtu mwembamba lastiki inakaa na mistari ya mbele na nyuma inakaribia kukutana. Kwa bonge lastiki inavutika, ubavuni panabaki pengo la shibiri nzima halina mstari. Za ubavuni zenye velkro ya kurekebisha ni nzuri, lakini hakikisha ukiifungulia hadi mwisho wa upana bado mstari haujaachana zaidi ya zile sentimita 5.

Ivae, uone inakaaje

Hapa ndo penyewe, maana reflekta inaweza kufunga na bado isikufae.

Funga zipu au vishikizo vyote. Chuchumaa. Inama kama unaokota nondo. Nyoosha mikono juu kama unapokea kitu kwenye jukwaa. Kaa kwenye kiti kifupi, kama ni dereva wa foklifti kaa kwenye foklifti yenyewe, maana tukikaa tumbo linakuja mbele na kila kitu kinabadilika. Vishikizo vikifunguka au zipu ikaanza kutabasamu, saizi siyo. Kuna zile reflekta za usalama zaidi ambazo zimeungwa kwa velkro mabegani, ubavuni na mbele, ili ikinaswa na mashine ichomoke yenyewe isikuvute. Ni nzuri sana na kwenye mikanda ya kusafirishia mizigo ndo inatakiwa, ila kwa bonge ikiwa imebana kila ukiinama unasikia chwaaa, begani imeachia, na ukishachoka kuifunga kutwa nzima utaiacha wazi. Chukua saizi ya juu yake.

Kisha angalia mistari. Inatakiwa iwe ya kulala, kiwango kinaruhusu mwinamo usiozidi digrii 20. Kwetu sisi wenye tumbo, upande wa mbele unapanda juu na nyuma unashuka, mstari unakaa kama barabara ya mlima Kitonga. Na kibaya zaidi ni ule mstari wa chini. Kama tumbo limetokeza na reflekta ni fupi, mstari wa chini unajikunja chini ya kitambi na kuangalia ardhi. Unawamulikia sisimizi. Dawa yake siyo kuipandisha, ni kupata ndefu kidogo na pana ya kutosha ili kitambaa kidondoke moja kwa moja kutoka kwenye kilele cha tumbo kwenda chini, au utafute modeli ambayo mistari miwili ya kulala imewekwa juu, mmoja kifuani na mwingine juu ya kitovu. Viwango vinataka mstari na mstari viachane angalau sentimita 5, na wa chini uwe angalau sentimita 5 kutoka kwenye pindo, kwahiyo watengenezaji wana nafasi ya kucheza, na modeli zinatofautiana sana. Jaribu hata tano.

Njia ya kuhakikisha ni simu. Usiku, au kwenye korido ambayo umezima taa, mwambie mtu asimame kama mita 15 akupige picha na flashi, mbele, nyuma, kulia, kushoto, halafu umechuchumaa. Flashi iko karibu na kamera kama taa zilivyo karibu na macho ya dereva, kwahiyo unachokiona kwenye picha kinakaribiana na anachokiona yeye. Picha yangu ya kwanza ya ubavuni ilikuwa nyeusi tupu, na kajistari kamoja karefu kama kidole. Niliiprinti nikabandika ofisini.

Picha hiyohiyo inakusaidia kugundua mistari feki. Kuna reflekta zimeshonewa utepe wa kijivu unaometa tu kama karatasi ya sigara. Mchana dukani utaapa ni wa kweli. Weka tochi ya simu pembeni ya jicho lako, siyo mkononi chini, pembeni ya jicho, rudi hatua kumi, mulika. Wa kweli unakuwa mweupe ghafla kama balbu. Feki unabaki wa kijivu.

Ila usiende upande wa pili ukanunua hema. Nina jamaa yangu saiti, mfupi mnene kama mimi, alipewa 5XL ikamfika magotini, akawa anaonekana hadi mwezini, lakini siku anashuka ngazi akaikanyaga, bahati nzuri ilikuwa ngazi ya tatu kutoka chini. Na karibu na mikisa au mashine ya kukata nondo nguo inayopepea ni kitanzi. Ufupi na unene ni shida kweli maana wengi wakiongeza upana wanaongeza na urefu. Tafuta zile zenye marekebisho ubavuni, nunua kwa upana wa tumbo halafu ziwe za urefu wa kawaida.

Wanawake wenye nyonga pana shida yao inakuwa nyingine kidogo, inafunga vizuri juu halafu inagota kwenye nyonga na kupanda yote, mistari inajikusanya kiunoni kama mkanda. Kuna modeli za kike zimepanuliwa chini, zikikosekana fungulia velkro za ubavuni chini tu na juu uache zimebana. Na dada zangu mnaovaa mtandio, ukishuka mbele unafunika mistari ya mabegani na wa kifuani, upitisheni ndani ya reflekta. Vilevile begi la mgongoni kwa watu wa boda, unavaa reflekta halafu unaiziba na begi jeusi, au abiria wako ndo anakaa nyuma yako anakuziba mgongo. Mistari ya kwenye mikono inasaidia sana hapo kwasababu haizibwi, kwahiyo kama wewe ni boda na una mwili, ningekushauri jaketi la mikono mirefu kuliko kizibao, na zipu ifungwe, ikiachwa wazi upepo unaipeleka yote nyuma.

Kwa fundi cherehani? Hapana

Najua unachowaza maana na mimi niliwaza. Nunua ya bei rahisi, mpelekee fundi aongeze kipande kwapani kila upande, elfu mbili tu. Nilifanya. Alinishonea vizuri hata, kitambaa cha njano cha kawaida sentimita 8 kila ubavu. Lakini mistari sasa imekatika mahali pawili, kila pengo sentimita 8, njano yenyewe haiwaki, na kwa vile nguo imebadilishwa ile lebo ya kiwango haina maana tena. Mkaguzi akiiona hiyo wala hahitaji futi. Kukata pindo ni hivyohivyo, unapunguza eneo na unasogeza mstari kwenye ukingo.

Nembo ya kampuni nayo iangalie. Bosi anataka jina lake mgongoni kubwa kama bango la kampeni, wino wake unafunika kitambaa cha kuwaka na hiyo sehemu haihesabiki tena. Na kwa vile eneo linahesabiwa kwenye saizi ndogo, yule kijana wa S ndo ataanguka klasi kabla yako. Muulize mtengenezaji nembo iwe na ukubwa gani mwisho.

Mtumba

Nitasema ambacho wauza vifaa hawatapenda. Saizi zetu kwa kweli zimejaa kwenye mtumba, Ilala pale Karume, na wenzetu wa Nairobi mna Gikomba. Wazungu wanavaa hizi kazini kwa sheria, na huko 4XL ni nne kweli. Nimepata jaketi la mikono, klasi 3, kifua 140, kwa bei ya soda kadhaa.

Lakini lebo ina namba ya kufua. Utaona kamchoro ka beseni na karibu yake kitu kama max 25x au 50x. Hiyo ndo idadi ya kufua ambayo mtengenezaji ameipimia, na wewe hujui yule wa Ujerumani alishafua mara ngapi. Kwahiyo mtumba unaununua kwa macho na tochi: linganisha rangi ya nje na rangi ya ndani ya mfuko au chini ya kola, kama nje imepauka inaelekea cream iache. Kunja mstari, ukiona nyufa nyufa kama ngozi ya mamba, iache. Mulika, ukiona mabaka meusi, iache. Nyingine utakuta zimekunjwa kwenye kifuko kidogo, hizo ni za kwenye gari, Ufaransa na nchi kadhaa za Ulaya dereva lazima awe nayo garini, ndo zilezile walizovaa waandamanaji wa Ufaransa mwaka 2018. Mara nyingi hazijatumika kabisa, lebo safi, tatizo nyingi ni saizi moja na hatufiki.

Kazini kwa mikataba mikubwa mimi situmii mtumba, natumia mpya yenye cheti, kwasababu nikiulizwa nionyeshe karatasi sina. Kwa boda wangu wa mtaani au fundi wa kujitegemea, mtumba mzuri uliokaguliwa ni bora mara mia kuliko mpya feki ya elfu nne.

Ukiwa unanunulia watu, au unamdai bosi

Usiagize themanini freesize. Andika vipimo vya kila mtu kwa sentimita, na mtu mnene mpime pembeni, siyo mbele ya genge zima wanaanza "ooh leteni kamba ya meli". Mtu akichekwa siku hiyo hatasema tena kama haimtoshi, ataivaa wazi tu. Agiza sampo mbili za saizi kubwa kabla ya oda nzima, zivaliwe, zipigwe picha ya flashi, ndo ulipe. Ziada za stoo ziwe kubwa, mwembamba anaweza kubana velkro za ubavuni akavaa ya 3XL ya dharura, mimi siwezi kuvaa M kwa njia yoyote.

Kama wewe ni mfanyakazi na unaambiwa "saizi yako hakuna, vaa hivyohivyo", kwa Tanzania Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamuwajibisha mwajiri kwenye vifaa kinga, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, ndo wanaokagua. Kenya wana yao ya 2007. Walioko Marekani wana hoja nzito zaidi, tangu Januari 2025 kanuni za ujenzi kule zinasema wazi kifaa kinga lazima kimkae vizuri anayekivaa. Nenda kwa bosi na ile picha ya ubavuni iliyo nyeusi. Mimi ndo nilifanya hivyo, sikuongea sana.

Rangi, kwa kifupi: saiti ya udongo mwekundu na mitambo ya rangi ya chungwa vaa njano, shambani na porini kwenye majani vaa chungwa. Na mafundi wa kuchomelea, hizi za kawaida ni polista, cheche ikidondoka inayeyuka na kukung'ang'ania kwenye ngozi, kuna za kuzuia moto zinauzwa kivyake. Za wavu ni baridi kwa joto la Dar na zipo zenye kiwango, ila zinanasa kwenye binding waya, ule waya wa kufungia nondo, we amua unachovumilia.

Kufua, sabuni ya kawaida, maji ya uvuguvugu, usitie jiki, usisugue mstari kwa brashi, usipige pasi juu yake. Anika kivulini. Rangi ya kuwaka inakufa kwa jua, na hizi zinazoshinda kwenye dashibodi ya gari kutwa zinapauka kabla hata hazijavaliwa. Ikijaa grisi ambayo haitoki, imekwisha. Mimi naandika tarehe ya kuanza kutumia ndani ya kola kwa maka peni, na kila mwisho wa mwezi naipiga tochi.

Na ile ya zamani usimpe mlinzi wa getini. Ndo tabia yetu, reflekta ikichakaa tunampa mlinzi, mtu ambaye anasimama barabarani usiku kuliko sisi wote. Kata mistari, toa lebo, fanya dasta ya kufutia buti.